Sauti Kwenye Simu ya Mteja

Tarehe 2 Machi

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu nyingi kama nywele ninazofagia hapa kila jioni. Mimi mzima, nalala vizuri, na kabla hujauliza, ndiyo, vidonge nameza baada ya kula. Mama anaendeleaje? Mgongo bado unamlaza?

Nina habari. Bosi amenipa wembe! Tangu nije hapa saluni nimekuwa mtu wa mashine tu, vichwa vya watoto na vya wazee wasio na haraka. Juzi akaniita akasema, "Kuanzia leo ndevu ni zako." Dada, kumnyoa mtu shingo si mchezo. Anaegemeza kichwa, anafumba macho, koo lote liko wazi mbele yako, na wengine hata wanakoroma. Nilipommaliza wa kwanza nilikwenda uani nikalia kidogo, halafu nikarudi kwa wa pili.

Hapa hakuna anayejua nilivyokuwa, na nashukuru uliniapia kwamba hutamwambia mtu. Simu bado sitaki hata kuishika. Najua haziwezi kunisema, lakini ikilia karibu yangu mwili unasisimka. Ndiyo maana nasema barua zinatosha. Na mpango wetu ni ule ule: nisipojua kitu ni kweli au ni ugonjwa, nakuuliza wewe. Ukisema hakipo, basi hakipo. Daktari wa kliniki hapa anasema nina bahati kuwa na mtu kama wewe. Usivimbe kichwa.

Mdogo wako

*

Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu kinyozi mkuu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama mgongo umelala lakini mdomo uko macho, jana kanigombeza kwa sababu ya chumvi. Habari ya wembe nilimsomea, akataka nirudie, kisha akajifanya ana vumbi machoni.

Nami nina yangu. Nimeingia kamati ya mtaa, usicheke. Jumamosi tulifanya mkutano wa afya ya akili uwanjani, mbele ya zahanati. Turubai, viti vya kukodi, na spika zilizopiga kelele kuliko watu. Muuguzi alieleza vizuri kwamba kichaa si laana wala kurogwa, ni ugonjwa kama kisukari. Wakaja waigizaji, watu wakavunjika mbavu pale pale pasipochekesha. Halafu ikafika zamu ya ushuhuda wa familia, na kila mtu akaanza kukagua viatu vyake. Mtaa mzima huu, eti hakuna mwenye mgonjwa! Niliona aibu. Nikasimama nikasema mawili matatu ya kuwatia moyo.

Na yamefaa. Unamkumbuka mama muuza mkaa, aliyetuambia binti yake kahamia kwa shangazi? Jumatatu kamtoa chumba cha nyuma, kampeleka zahanati. Mtoto alikuwa anatembea kafunika macho kwa viganja, jua linamuumiza. Niliwasindikiza, nikalia njia nzima.

Kula vizuri. Mama anakusalimu sana.

Dada yako

*

Tarehe 11 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mama na wewe ni wazima. Mimi sijui kama ni mzima, ndiyo sababu ya barua hii.

Jana nilikuwa na mteja kwenye kiti, povu tayari mashavuni, anatazama simu yake. Ikatoka sauti yako. Sisemi sauti kama yako, nasema yako, na ile pumzi unayovuta kabla hujasema jambo zito. Ilisema, "Mdogo wangu tulimfunga kamba kwenye kitanda, alikuwa anapiga kelele kwamba simu zinamsema. Leo ni kinyozi, ananyoa watu shingo kwa wembe." Kisha makofi. Mteja akacheka, akaniuliza, "Wewe ungekaa kwenye kiti cha huyo?"

Nikacheka naye. Nilimmaliza, sikumkwaruza, sijui nilimmalizaje. Nilitamani kumwomba airudie, lakini wakati ule wa ugonjwa nilikuwa nawaomba watu hivyo hivyo, na unakumbuka walivyonifanya.

Ilianza hivi hivi mara ya kwanza, dada. Simu, na mimi ndani yake. Kwa hiyo nakuuliza kama tulivyokubaliana, na nitashika utakalosema. Ulisema maneno hayo mahali popote, au hukusema?

Mdogo wako

*

Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, pole sana. Sina haja ya kuzunguka. Sikusema kitu kama hicho popote, kwa mtu yeyote. Ningesemaje na nilikuapia? Pengine umechoka, kusimama kutwa nzima si kazi ndogo. Nenda kliniki umweleze daktari, akuangalie. Usiogope. Mama anakuombea. Naandika kwa haraka ili barua iwahi gari la posta.

Dada yako akupendaye

*

Tarehe 20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo wa mama umepata nafuu. Samahani kwa mwandiko mbovu, ni dawa mpya.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Asante kwa kuniambia ukweli bila kuzunguka. Ungesita hata kidogo ningeng'ang'ania kwamba nilisikia kweli, na unajua ningeishia wapi. Nilienda kliniki siku ile ile. Daktari alinisifu, akasema ni wachache wanaokuja wenyewe mapema hivi. Akaongeza dawa.

Wembe nimeurudisha. Sikusubiri kuambiwa. Anayesikia sauti hana haki ya kushika koo la mwenzake. Nilimweleza bosi kila kitu, kamba, kitanda, vidonge. Aliuchukua wembe akaufungia kabatini, akasema kwa sasa nifagie tu. Kesho yake akaniomba na ufunguo wa chumba alichonipa nilale, eti mpwa wake anakuja. Simlaumu. Nalala kibarazani kwa fundi viatu jirani ya saluni, barua nitumie kwake.

Sauti haijakoma, imezidi. Naisikia dukani, naisikia kituoni, maneno yale yale na makofi yale yale. Jana nimeisikia kwenye simu ya fundi viatu mwenyewe, naye akanitazama kwa huruma. Lakini siogopi tena, kwa kuwa najua haipo. Naipita tu kama ulivyonifundisha. Daktari anasema isipotulia atanilaza, nami nimekubali.

Mdogo wako

*

Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi. Mama nimemwambia, na tangu jana hataki kula chakula changu.

Huumwi. Ile sauti ni yangu.

Siku ya mkutano nilisimama niseme maneno mawili tu. Lakini umati ukanyamaza kunisikiliza, na mimi, fundi cherehani wa kushona viraka, nani aliwahi kuninyamazia? Utamu ukanipanda kichwani. Nikasema kamba, nikasema kitanda, nikasema simu, nikasema na kazi yako. Nilikuwa najivunia wewe, naapa, ingawa kiapo changu sasa hakina thamani. Mtu akarekodi, kamati ikasambaza. Siku hizi kila mkutano unaanza na ile video. Muuguzi ananiita shujaa, na yule binti wa muuza mkaa anaendelea vizuri, ameanza kunisaidia kukata vitambaa. Namtazama najisikia vibaya.

Ulipouliza, niliandika "ndiyo, ni mimi". Nikaichana. Niliogopa hutaniandikia tena. Nikajiambia utadhani ni ugonjwa, daktari atakutuliza siku chache, itapita, na mimi nitabaki dada yako. Nimekutoa kazini, nimekutoa chumbani, na akili yako iliyokuwa nzima nimekuambia ni mbovu. Mwonyeshe daktari barua hii, aache kukuongezea dawa. Nakuja mwenyewe nikipata wa kukaa na mama. Usinisamehe ukishindwa, lakini niamini.

Dada yako

*

Tarehe 16 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama pia. Mimi nimelazwa. Wodi ni safi, dirisha linaangalia ukuta, nalala sana.

Nina jambo jipya la kukueleza. Sasa ile sauti imeanza kuja hata kwa barua. Fundi viatu aliniletea moja, mwandiko wako kabisa. Inasema sauti ilikuwa ya kweli, kwamba ulinisema mbele ya watu, na nilipokuuliza ulinidanganya. Dada, nilikaribia kuamini. Nilishavua nguo za hospitali nitoke. Kisha nikakumbuka kwamba nilishakuuliza na ukanijibu, na katika jambo hili wewe hujawahi kunidanganya. Nikavaa, nikarudi kitandani.

Daktari sikumwonyesha, nilihofia ataniambia karatasi ni tupu. Nimeichana nikaitupa chooni.

Barua hiyo inasema pia utakuja. Nimewaomba wauguzi, akija mwanamke mwenye sura yako wasimfungulie. Wewe baki na mama. Na kwa sasa usiniandikie, maana sitajua ipi ni yako.

Mdogo wako