Baba Ameing'arisha Mashine Yangu, Ameiharibu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naanza na hasara yenyewe usije ukadhani nimekuja kulialia: Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nimepoteza kazi ya miezi kumi na minne, na aliyenipotezea si mwizi wala moto, ni baba yangu mzazi, aliyenifundisha kazi hiyo hiyo kwa mkono wake.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, karakana yangu iko nyuma ya nyumba, hakuna aliyenipa hata msumari, nilianza na tupa moja na jiriwa ya kubania chuma, nayo ya kuazima, na leo nina wateja wa foleni, lakini kila mara nilikuwa nawarudisha wachapaji wanaoleta visu vyao vya kukatia karatasi, kwa sababu sikuwa na mashine ya kusaga chuma kiwe bapa kabisa, ile yenye jiwe la duara juu na meza inayokwenda na kurudi chini yake. Kiwanda kimoja kikafungwa, nikanunua ya kwao, kuukuu, imeshika kutu, reli ambazo meza hutelezea zimelika katikati, nikaifungua yote, baba akiwa kando yangu, maana alikuwa fundi wa kiwandani mpaka alipostaafu, naye ndiye aliyeniambia reli kama hizi hurudishwa kwa mkono.

Kwa wasiojua: unapaka wino wa buluu kwenye rula nzito ya chuma, unaisugua juu ya reli, penye mwinuko pananasa wino, unapakwangua kwa patasi, kidogo kama vumbi, unafuta, unapaka tena, hivyo hivyo mpaka wino usambae sawa kila mahali. Nimefanya hivyo kila jioni baada ya kazi za wateja, mgongo umekuwa wa bibi kizee, na nilikuwa nimefikia tofauti isiyozidi sehemu moja ya mia ya milimita kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Reli ya namna hiyo haing'ai, ina alama alama kama magamba ya samaki, na ndizo zinazoshika mafuta, asiyejua ataona mikwaruzo, lakini baba si asiyejua.

Jumanne nilikwenda dukani kuchukua jiwe jipya la mashine, nikamwacha karakanani na chai yake, niliporudi nikasikia grenda ya mkono inalia, nikamkuta ameinamia reli na msasa wa kuzunguka, ameisugua mpaka unaweza kujitazama humo, jasho linamtoka, anatabasamu, ananiambia, "Karibu, bosi. Nimekuondolea mikwaruzo yote. Nani alikukwangulia hovyo namna hii? Mfukuze huyo. Nina binti yangu, nitakuletea, ana mkono mwepesi, hutajuta." Nikapima. Katikati kuna bonde la sehemu kumi na mbili za mia. Mshauri, kumi na mbili! Nilimtoa nje kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Si kwamba sikuwa najihadhari, tangu mwaka jana kila kipimo anachosoma yeye nakipima upya akigeuka, uzee ni uzee, lakini hili limepita kiasi. Sasa kila asubuhi anavaa ovaroli lake, anakuja kugonga mlango wa karakana, nami nimo ndani nimeweka komeo, anapiga kelele, "Nani amefunga? Watu wa zamu wataingilia wapi?" mpaka anachoka na kukaa chini pale pale mlangoni.

Nikampigia kaka yangu mkubwa, ambaye hajamletea baba hata kipande cha sabuni, akasema, "Wewe umeolewa na chuma, hilo tunalijua wote. Jumamosi nakuja kumchukua." Kwake ni chumba cha ghorofani, yeye na mkewe wanatoka alfajiri wanarudi giza, nikauliza mchana baba atakaa na nani, akanijibu, "Mlango unafungwa kwa nje, atakwenda wapi?"

Nimepiga hesabu: lazima nishushe reli nzima ifike chini ya lile bonde, na baba akiwa hayupo, kwa saa tatu kila jioni, ni miezi saba. Akiwepo, hairudi. Usinipe maneno ya kubembeleza. Aende au abaki? Gazeti lenu hutoka Alhamisi, nataka neno moja siku hiyo, kwa sababu Ijumaa saa sita mchana kaka anataka jibu.

Fundi wa nyuma ya nyumba

MSHAURI ANAJIBU

Abaki. Hilo ndilo neno ulilotaka, sasa kaa usome na mengine ambayo hukuyataka.

Pole kwa kazi yako. Kuinama juu ya chuma muda wote huo si mchezo, na atakayekuambia "ni chuma tu" hajawahi kutengeneza kitu. Una haki ya kulia. Lakini dada yangu, unapima chuma vizuri na watu vibaya. Bonde la reli umenipa mpaka sehemu za mia. Mzee alikuwa na grenda inayozunguka mikononi, peke yake, cheche zinaruka, na hujasema kama alivaa miwani, hujasema kama aliumia. Nimeisoma barua yako mara tatu nikiutafuta mstari huo. Haumo.

Tena usiniambie uzee ni uzee. Unapima upya akigeuka tangu mwaka jana, kwa hiyo ulijua tangu mwaka jana, ukamficha yeye, ukamficha kaka yako, kisha ukamwacha na umeme ukaenda zako dukani. Naye siku hiyo uso wako ulimpotea ukiwa umesimama mbele yake, na bado alikuwa anamtafutia binti yake kazi. Wewe ukamjibu kwa maneno ambayo unaona aibu kuyaandika hata bila jina.

Mpeleke hospitali wiki hii. Apimwe damu, sukari, macho, na daktari aambiwe habari yote ya kusahau, maana kuna kusahau kunakotokana na maradhi yanayotibika. Usijidanganye, kwingine hakutibiki, na huenda kesho kutwa hata hiyo karakana asiikumbuke. Lakini uambiwe na daktari, usikisie.

Swichi kuu ya karakana itiwe kufuli, ufunguo uuvae shingoni. Grenda, misasa na patasi viingie kabatini. Ukiwa ndani, komeo litoke, naye aingie akae unapomwona. Ukitoka, karakana ifungwe na mzee awe na mtu, hata kama unakwenda kununua chumvi. Akikuita bosi, itika. Usimsahihishe mbele ya wateja, wala faraghani.

Kaka yako aje Jumamosi kama alivyoahidi, ila aje kukaa, si kubeba. Siku mbili kila wiki ni zake, yeye au mkewe au mtu watakayemlipa, na mkubaliane siku hiyo hiyo, si kwa simu. Kuhusu ule mlango wa kufungwa kwa nje, mwambie nimesema mimi: ukitokea moto, baba yenu atateketea akitikisa kitasa.

Mashine ipake mafuta, uifunike turubai. Hesabu yako ni sahihi, akiwepo hairudi, si mwaka huu na huenda si ujao. Wenye visu endelea kuwarudisha. Itakuuma, na hakuna atakayekushukuru, yeye mwenyewe hatajua ulichoacha kwa ajili yake. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Sasa weka gazeti chini. Kamfungulie mlango, mshike mikono uitazame yote miwili, kisha umtazame macho. Kesho, kabla ya saa mbili asubuhi, nipigie simu ya mezani kwangu unijibu bila kuzunguka: ameumia, au hajaumia?