Maneno ya Beseni

Siku ya ine, 7 mwezi wa tatu 2024

Leo kufua. Kila siku ya ine mbele ya mechi, timu yetu ya volley ya babinti inafua mayo, jezi zetu za kucheza, ku robine ya maji, nyuma ya gymnase. Desturi hii balianzisha bakubwa, wakati université ilikuwa bado na nyumba mbili tu. Hakuna muntu anafua mayo yake mwenyewe. Unafua ya mwenzako, naye anafua yako. Mi na Mugwaneza ni mwaka ya pili sasa: nafua namba saba yake, anafua kumi na mbili yangu. Yangu haichafukagi, niko réserve, nakaa ku banc! Anasema kufua yangu ni sawa kuosha sahani mbele ya kula. Mujinga huyu. Tulicheka paka sabuni ikaanguka.

Na kuko sheria: maneno ya beseni inabaki ku beseni. Antrenere, mwalimu wetu wa mchezo, hapelekewi kitu. Bale babinti balishaliaka pale, balishasemaka mambo ya mapenzi, ya mimba, ya bababa banaokunywa. Haikutokaka hata neno moja.

Leo Mugwaneza alipandisha suruali. Ee Mungu! Goti ya kuume imevimba sawa kiazi. Tangu lini? Anasema tangu siku ya kwanza ya juma hii. Ku ngazi anashikaka ukuta. Nikamuambia aende kwa antrenere Habineza leo leo. Akanishika mukono ndani ya maji. Anasema asipocheza derbi banakata burse yake ya sport, na bila burse ni kurudi Bweyeye, kulima na mama yake, masomo imeisha. Akaniuliza: hii ni ya beseni, ao hapana?

Nikasema ni ya beseni.

Siku ya tano, 8

Antrenma. Habineza aliniita pembeni. Eti juu ya nini mwenzako anaruka na muguu moja? Nikajibu: viatu ni vipya, vinamubana. Uongo ilitoka laini, hata mi nilishangaa. Antrenere aliniangalia sana. Akapuliza filimbi, akaenda.

Bantu banasema ulimi hauna mfupa. Yangu leo ilikuwa na mfupa — ilikataa kukunjika iseme kweli, siku ile moja ningeitumia.

Sasa niandike kweli, juu hakuna mwengine anasoma hapa. Mugwaneza akikaa ku banc, mi naingia. Ningesema goti, bote bangesema: angalia Elikia, muloho, ameuza rafiki juu ya nafasi! Kwa hiyo nilinyamaza juu yake, ndiyo. Lakini pia nilinyamaza juu ya jina yangu. Kiasi gani ni yake, kiasi gani ni yangu? Sijuwe.

Siku ya posho, 9

Derbi na bale ba Karongi. Bantu balijaa, ngoma, vuvuzela, hata ba-taximan ba pikipiki baliacha kazi bakakuja.

Set ya tatu. Aliruka. Vile alishuka, nilisikia paka ku banc — paa! Sawa kijiti ya kuwashia moto. Hakulia mara moja. Aliangalia kwanza ku banc. Ku mi.

Bakamubeba. Habineza akaniambia: wewe, ingia. Point ya mwisho njo mi nilipiga. Tulishinda! Bakaniinua juu, banaimba Elikia, Elikia.

Na nilifurahi. Dakika moja, pengine mbili. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa.

Siku ya Yenga, 10

Sikuenda ku misa. Niliambia maman kichwa inauma.

Siku ya kwanza, 11

Daktari amesema: kamba ya ndani ya goti imekatika. Operesheni ni Kigali, kisha miezi tisa bila kucheza. Nilikuwa nimesimama karibu ya kitanda, nashika sac yake. Daktari aliongeza kintu moja. Eti juma ile yote kamba ilikuwa imepasuka kidogo tu. Angepumuzika, ingepona yenyewe.

Angepumuzika. Neno hii natembea nayo ku soko, mu auditoire, nakula nayo.

Mugwaneza hakuniangalia wakati daktari anasema. Aliuliza tu kama anaweza kufanya examen akiwa amelala.

Siku ya ine, 14

Kufua tena, juu siku ya posho tunaenda kucheza Huye. Namba saba ya Mugwaneza ilikuwa ndani ya sac, na vumbi ya kiwanja bado imebakia ku mugongo. Nikaifua. Nikaifua mara ya pili. Robine ilikuwa inatoa maji kidogo-kidogo, babinti banangoja zamu yao, hakuna muntu aliniharakisha.

Kisha Gaudiose, kapitene yetu, akafunga robine. Akauliza: kuko muntu alijuwa mambo ya goti ile? Akasema tena: sheria ya beseni balitutengenezea juu ya kulindana, si juu ya kuvunjana. Kama kuko muntu alijuwa, aseme, hatutamupiga.

Nilikuwa nakamua. Naendelea kukamua. Maji haikuwa inatoka tena.

Sikusema. Hata pale! Hata vile balifungua mulango wenyewe. Mi ni muntu gani?

Siku ya posho, 23

Mugwaneza ameenda kwao. Operesheni bado, baliandika jina yake ku liste ya kungoja, na mu home, bweni ya ba-étudiante, hawezi kupanda ngazi. Nilimusindikiza paka ku gare ya Kamembe. Nilimupandisha bisi paka Bugarama, kule mujomba yake anamungoja na pikipiki. Muguu yote imenyooka mbele, makongojo nimeyafunga na kamba ya kuanikia nguo. Nilimununulia maandazi na Fanta. Alisema Fanta ya nini, kwani anaenda ku harusi?

Ku dirisha alinishika mukono. Nilijuwa: sasa atasema. Nilikuwa tayari anitukane. Nilitaka anitukane!

Alisema: asante, ulinificha. Eti mwengine angeniuza. Eti wewe njo dada ya kweli.

Bisi ikaenda. Nilikaa ku jiwe pale pale, mamama ba ndizi banapita juu ya miguu yangu. Nililia sawa mutoto. Mama moja ya samaki akaniuliza ni nani amekufa.

Siku ya tatu, 27

Habineza aliniita ku bureau. Kuko karatasi ku meza. Burse ya Mugwaneza timu haiwezi kuichunga mwaka muzima bila muchezaji. Liste inapanda kwa rekta, mukubwa wa université, kesho, juu siku ya tano ni Ijumaa Kuu, batafunga. Ameweka jina yangu pahali pa yake. Nisaini tu.

Niliuliza kama bangeweza kungoja operesheni. Alisema aliomba, balikatala. Nikasema nitafikiri. Akashangaa: kufikiri nini?

Nilirudi nyumbani, nikamuambia maman. Maman Eugénie — mwanamuke anaamuka na giza kuvuka mupaka paka Bukavu na basani ya sambaza, samaki ndogo-ndogo, ku kichwa, juu mi nisome — aliacha sufuria ku moto, akapiga magoti kati ya jikoni. Analia, anaimba, anaita bajirani. Nikamuambia: maman, ni ya Mugwaneza. Akaacha kuimba. Kisha akasema polepole: nikikataa, haitarudi kwa Mugwaneza. Itaenda kwa mwengine. Na yeye maman, shingo yake imechoka.

Maman iko na haki. Hii njo inaniua. Bote biko na haki.

Siku ya ine, 28

Asubui nilienda ku bureau mbele ya cours. Nilikuwa nimeamua kusema. Sikukaa hata ku kiti. Nikasema: antrenere, nilijuwa. Siku mbili mbele ya derbi nilijuwa. Viatu haikuwa vipya. Nilikudanganya.

Nilifikiri atapiga meza. Alitoa lunettes, akapangusa macho. Akasema: Elikia, unafikiri mi siko na macho? Miaka kumi na ine naangalia magoti. Nilikuuliza juu nilitaka unijibu viatu.

Sikuelewa. Akasema tena, sauti chini: ungesema goti, ningelazimika kumukalisha. Ulisema viatu, nikashukuru. Nilitaka kushinda bale ba Karongi, nilishindwaka nabo miaka tatu.

Nje babinti banapiga mupira ku ukuta, paa, paa. Mi nilikuja kubeba kosa yangu yote peke yangu, kumbe tulikuwa tunaishika babili, na haikuwa nyepesi hata kidogo. Ilikuwa muzito zaidi. Muntu mukubwa! Ningemupata nani wa kukasirikia sasa, kama si yeye, na yeye analia?

Akasukuma karatasi. Akasema: saini, mutoto yangu. Angalau moja asome.

Nilisaini. Niandike vile vile. Elikia, na herufi nzuri, sawa ku examen.

Saa kumi na moja ya mangaribi. Simu ikalia, ni Mugwaneza. Kwao network iko tu ku kilima juu ya shule, na nyuma yake nilisikia mvua. Alipanda na makongojo! Mama yake anamushikia parapluie. Alikuwa anahema, lakini sauti ya furaha. Eti amesikia liste ya burse inapanda leo. Eti Habineza alimuahidi atamupigania. Eti niende niulize — antrenere wewe anakusikiliza, Elikia, wewe muambie miezi tisa si mingi, nitarudi naruka kupita mwanzo. Alisema tayari anafanya mazoezi ya goti na chupa ya mchanga. Akaniuliza: liste umeiona? Jina yangu iko?

Nilifungua kinywa.

Nikasema: alo? Alo? Sikusikii, network ni mubaya. Nikakata.

Nilimusikia muzuri kabisa. Hata mvua nilikuwa naisikia, na mama yake anamuambia shuka, mutoto, unatetemeka.

Alipiga tena. Sikushika. Ya tatu, sikushika. Simu iko hapa karibu ya daftari, inazunguka ku meza. Maman ameuliza kutoka jikoni: ni nani huyo anasumbua? Nikasema hakuna muntu.

Imenyamaza.

Message imeingia. Anaandika: Usijali dada, ni network ya huku. Sishuki. Nitakungoja hapa juu paka irudi.