Akiletwa Mtu Unayemjua

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta ukitoka zamu au ukijiandaa kuingia, ila naomba ikukute mzima, na wifi na watoto wawe salama. Yule mdogo bado anakohoa? Mama humuulizia kila hali ya hewa inapobadilika. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua, lakini mdomo wake hauna maradhi yoyote, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Baba naye hajambo, ingawa najua hujamuulizia. Bado anaezeka nyumba za watu na bado hataki kusikia habari ya kupumzika.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu ina haraka, kaka, na nina jambo ambalo likikatizwa katikati sitaweza kulianza tena.

Kwanza, nimepata kazi. Usishangilie bado. Ni katika hospitali kubwa, lakini si wodini. Ni chumba cha maiti. Nitapokea marehemu, nitawaosha, nitawatunza mpaka ndugu zao waje kuwachukua. Nilipomwambia mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, mpaka nikaona anatupa mchele na kubakiza mawe. Halafu akaniuliza kama watanipa glavu. Nikajua amekubali.

Nikueleze usaili ulivyokuwa, maana ndio ulionifikisha kwenye barua hii. Jirani yetu msusi, yule anayezijua habari za watu kabla ya wenyewe, alijitolea kunifundisha kujibu. Aliniambia wakiniuliza udhaifu wangu, niseme napenda kazi kupita kiasi. Nikamwambia uongo huo umeshaota mvi. Akanijibu kwamba mvi ni heshima.

Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Katikati alikaa afisa utumishi, mwanamume mwenye miwani na sauti ya kuchoka. Kulia kwake muuguzi mkuu, mama wa makamo. Kushoto mzee anayesimamia chumba cha maiti, mikono yake mikubwa imetulia juu ya meza kama vitu alivyoviweka hapo na kuvisahau. Kiti changu kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kila nikijitikisa, kinagonga sakafu. Nikaamua kutojitikisa.

Afisa alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, safari ambayo kwangu mimi ni fupi, kama unavyojua. Akasema wanaume wawili wenye vifua vipana wameikimbia kazi hiyo kabla hata ya kupokea mshahara wa kwanza. Mimi na umbo langu hili nina nini cha kuwazidi? Damu ilinipanda, kaka. Jibu la kumkata lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Nikamwambia ni kweli, peke yangu siwezi kumwinua mtu mzima, na sitajaribu, kwa sababu nikimwangusha nitakuwa nimemkosea yeye na waliomzaa. Lakini nilipokuwa nikifanya usafi katika wodi ya wanaume, nilisaidia kuwageuza wagonjwa kwa shuka, mmoja huku na mwingine kule, na hakuna aliyeanguka. Nikamuuliza kama kule ndani huwa wanafanya kazi wawili wawili. Mzee akaitikia kwa kichwa. Afisa akasema sawa, kwa sauti ileile ya kuchoka, akafungua ukurasa mwingine.

Muuguzi mkuu alikuja na swali zito zaidi. Alisema karatasi zangu zinaonyesha nilianza mafunzo ya uuguzi nikayaacha mwaka wa kwanza. Aliyeacha mara moja huacha tena, kwa nini waniamini? Hilo lilinichoma kwa sababu alikuwa na haki ya kuliuliza. Msusi alikuwa amenipa jibu lake pia, kwamba nisingizie ada. Sikuweza. Nikamwambia hakuna aliyenifukuza. Mdogo wangu wa kike alikufa, na baada ya hapo kila nikiingia wodini na kumkuta msichana wa rika lake, miguu ilikataa. Nikasema siwezi kuwaahidi kwamba sitaelemewa tena. Ninachoweza kuahidi ni kwamba nikielemewa nitakuja kusema, sitatoweka. Aliandika jambo, uso wake haukunionyesha kitu. Moyoni nikasema basi, nimeshakosa.

Ndipo mzee akanena kwa mara ya kwanza.

“Binti,” akaniambia, “siku moja ataletwa mtu unayemjua. Hapo utafanya nini?”

Kaka, afisa alitazama saa yake. Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa langu peke yangu. Nikalitoa hata hivyo, na ndiyo sababu nakuandikia. Si haki watu watatu nisiowajua walijue jambo hili, na wewe usilijue.

Unakumbuka siku ajali ilipomchukua mdogo wetu. Wewe ulikuwa mbali, mama alikuwa amelazwa kwa mshtuko, na hospitali hiihii ilitaka ndugu aende kumtambua. Baba alikwenda, nami nikamfuata. Ninyi nyote mnajua kwamba baba ndiye aliyeingia. Hakuingia, kaka. Baba yetu, anayetembea juu ya mapaa kama wengine wanavyotembea uani, alifika kwenye mlango wa chumba cha maiti akashika fremu yake kwa mikono miwili. Alikaa chini, pale kwenye sakafu ya ukumbi, watu wakimpita. Akaniambia, “Mwanangu, ingia wewe. Mimi siwezi.” Nikaingia.

Nilipotoka nilimkuta palepale. Hakuniuliza kitu. Aliniomba tu nisimwambie mtu yeyote, na nikamwahidi.

Sasa utaelewa ule ugomvi wako na baba. Ulipopiga simu ukitaka akueleze mtoto alionekanaje, akakataa, ukasema ana moyo wa jiwe. Hakukataa, kaka. Hakuwa na la kukueleza, hakuona. Na ulipomlaumu kwamba alizika haraka bila kukungoja, kwamba alimfukia kama mtu anayefukia shimo, alishindwa kukwambia kwamba hakuvumilia kumfikiria mwanawe amelala mle ndani hata siku moja zaidi, wakati yeye mwenyewe ameshindwa kuvuka kizingiti kwenda kumwona. Tangu siku ile amebeba maneno yako bila kuyajibu. Nami nimekaa kati yenu nimefunga mdomo.

Niliwaeleza haya wale watatu, kwa ufupi kuliko nilivyokuandikia. Nikawaambia pia nilichokikuta ndani. Kulikuwa na mhudumu aliyenipokea. Hakulivuta shuka ghafla. Aliinama kwanza akamwita mdogo wetu kwa jina lake, akamwambia dada yake amekuja. Ndipo akafunua uso, uso peke yake. Alikuwa ameshampangusa na kumchana nywele. Nikamwambia mzee kwamba akiletwa mtu ninayemjua, nitajaribu kumfanyia vile, na asiye wangu nitamfanyia vilevile. Nikilia, nitalia huku nafanya kazi.

Mzee aliinua mikono yake kutoka mezani. Akasema huenda mhudumu yule alikuwa yeye, au mwenzake ambaye sasa ni marehemu. Hakumbuki, na hataki kunidanganya, wamepita wengi mno. Wiki iliyofuata waliniita nikatie saini mkataba.

Jioni ya usaili sikuweza kula. Nilimfuata baba uani, akinyoosha misumari ya zamani, nikamwambia nimevunja ahadi yangu, na nimeivunja mbele ya wageni. Nyundo ilisimama. Nilitegemea anifokee, na ningemwona ana haki. Aliokota msumari mwingine, akaugeuzageuza, akaniuliza kama wale watu walimcheka. Nikamwambia hapana, baba, hakuna aliyecheka. Akaunyoosha ule msumari. Kisha akasema, “Basi mwandikie na kaka yako.”

Ndiyo nakuandikia. Na kwa kuwa uliuliza na hukujibiwa, nakujibu mimi niliyemwona. Uso wake ulikuwa mzima. Kulikuwa na mchubuko mmoja karibu na sikio, basi. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama alivyokuwa akilala tangu utotoni, tukimtania kwamba nzi watahamia. Hakuonekana mwenye hofu. Sikwambii hivi ili nikutulize, kaka. Ungekuwa na mimi ungeona hivyohivyo.

Ukitaka kunikasirikia kwa kukaa na jambo hili miaka yote, nikasirikie. Ila baba mpigie. Hatajua aanzie wapi, kwa hiyo anza wewe, hata kwa habari za mvua.

Nisalimie wifi, uwabusu watoto, na huyo mwenye kikohozi mfunike kifua. Mama anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu. Salamu zake nilizokuwa nikikuletea miaka hii yote, kaka, nilikuwa nikizitunga mwenyewe. Hizi ni zake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kijiti