Bazilio wa Kasulu na Gitaa Tulilolipiga Msumeno

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni. Fundi cherehani wewe, uliwashonea yatima wa jirani sare za shule ukidhani hatuoni. Tuliona.

Jioni ulikuwa na mpenzi wako wa pili: lile gitaa la kukanyaga, lenye umbo la meza, uliloachiwa na mmisionari aliporudi kwao. Ulikaa mbele yake vilevile ulivyokaa kazini, miguu kwenye pedali, kipande cha chuma kikiteleza juu ya nyuzi, na sauti ikatoka ndefu, laini, ya kumtoa nyoka pangoni. Ulilipaka mafuta ya cherehani, ukalifuta kwa flana. Ukiligonga ubao ulisema, "Sikilizeni. Aliyeliunda hakuwa na haraka."

Siku ya kugawa vitu vyako, Baba Mdogo Damiani alisema watoto wapate sawa kwa sawa, na mtoto wa kike asipunjwe. Gitaa lilikuwa na shingo mbili, kila moja na nyuzi zake kumi. Shingo mbili, watoto wawili. Mwanao Pasikali akaona haki imejileta yenyewe. Akaazima msumeno, akalikata katikati kwa uangalifu mkubwa, akapiga na msasa ili dada yake Skola asichomwe na vibanzi. Baba, tulimpigia makofi.

Kipande chake alikipeleka Manyovu, anakouza maharage. Akakikanyaga, kikanyamaza. Akasema bado kina msiba.

Wiki iliyopita tulimwita Trésor, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu uliyekuwa ukipiga naye, aje kupiga kwenye misa yako. Tulimletea vipande vyote viwili vikiwa vimefunikwa kitenge. Alipofunua, alikaa sakafuni.

"Nani alikata?"

"Mimi," alisema Pasikali. "Tuligawana."

"Ndugu yangu, ile vyuma ya chini ilikuwa inashikaka shingo zote mbili. Ilikuwa kitu moja. Papa Bazilio alikuwa ananionyeshaka kila siku. Ninyi hakuwaonyesha?"

Ulituita mara ngapi tuje tuchungulie chini yake, tuone vile vyuma vinavyovutana, nasi tukasema tunakuja! Pasikali ndiye uliyemwita zaidi. Alitoka nje bila kuaga, Mama akamfuata.

"Mwana wanje, rudi ndani ule."

"Mama, nimemchinja Baba mara ya pili."

"Tulikuwepo wote," Mama alisema. "Msumeno uliushika peke yako, lakini makofi tulipiga sisi."

Hakula. Tangu siku hiyo hapiti mbele ya kibanda chako cha kushonea. Huzunguka kwa nyuma, kichwa chini, kana kwamba wateja wako wote wanamtazama. Fundi seremala ametuambia ubao utaungika, ila vyuma vile hajui pa kuanzia. Trésor naye hajui. Tunaona aibu, Baba, na hatuna pa kuificha.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, hapa parokiani. Watu wengi wanauliza kama gitaa lako litapigwa. Pasikali ameomba asimame baada ya komunyo, awaeleze mwenyewe kwa nini halitapigwa. Tumemwambia hatasimama peke yake.

Wanaokukumbuka ni mkeo Rosa, wanao Pasikali na Skola, mdogo wako Damiani, wajukuu, na mwenzako Trésor. Siku zote utakuwa mioyoni mwetu, Baba. Utusamehe.