Ubani na Mtungi wa Gesi

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Huku Mkuza tuko wazima, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza mtungi wako wa gesi uuweke wapi hapo Kisarawe, maana mwenye nyumba anataka ukae uani na wewe unaogopa wezi. Hata mimi jambo hili linanichanganya. Ukiuweka nje unaibiwa, ukiuweka ndani unalala nao.

Nilipokuwa bibi arusi, mama mkwe wangu aliuweka wake chumbani, kando ya kitanda, akaufunika kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima. Asubuhi moja chumba kikanuka uvundo. Tukasema panya kafia uvunguni. Tukatafuta, hatukumwona. Mama mkwe akasema basi tufukize ubani, akatia makaa kwenye chetezo. Alikuwa ameshafika na chetezo mlangoni pa chumba, ndipo jirani yetu Mama Salma akapiga yowe: "Rudisha moto huo! Hiyo ni gesi!"

Akaufunga mtungi, akafungua madirisha. Kisha akatuambia gesi yenyewe hainuki, uvundo hutiwa makusudi ili watu washtuke. Mpaka leo najiuliza. Mtu katuwekea harufu ituokoe, nasi tukataka kuifukuza kwa moto.

Msikilize mwenye nyumba. Mwambie fundi akuchomelee kizimba cha nondo uani, penye hewa, mbali na jiko la mkaa, ukipige kufuli.

Nimekufungashia na ubani, mwanangu. Kabla hujauwasha, nusa chumba kwanza.

Bibi yako