Bhalchandra Nimhan, Aliyefundisha Chuma Kuelea

Mwaka umetimia, Baba Shrirang, tangu maji ya bwawa yalipokurudisha kwetu umelowa, umenyamaza, na ngumi zote mbili umezikunja.

Watoto walitaka tukuandikie gazetini mistari minne na picha, kama majirani wanavyofanya: ulikuwa nguzo, ulikuwa taa, pumzika. Nikawaambia mtu aliyenijazia jiko michoro maisha yake yote hatoshi kwenye mistari minne. Jina lako hapo juu wameliandika wao. Mimi, kama mke yeyote wa Talegaon wa rika langu, sijawahi kulitamka, na sianzi leo, usije ukadhani unaitwa.

Ulikuwa mpole. Ukipewa bhakri iliyoungua ulisema, "Mkate huu una nguvu," ukaula wote kwa pilipili ya kupondwa. Mlinzi wa geti la kiwanda chenu alipofiwa na mkewe, ulianza kunidai chakula cha mchana cha watu wawili. Nikajisifu kwa wanawake wa mtaa mzima kwamba uzeeni ndipo umeyapenda mapishi yangu. Kumbe nusu ilikuwa ya mlinzi. Alikuja kunishukuru siku ya msiba, na mbele za watu nikajifanya nilikuwa najua.

Lakini ulikuwa na mke wa pili, na Talegaon yote inamjua. Ana magurudumu manane, ngozi ya chuma, na hajui kupika. Wewe na wenzako kiwandani mlitaka gari la deraya ambalo likifika mtoni halitafuti daraja. Linaingia tu, pangaboi mbili za nyuma zinasukuma maji, na askari waliomo wanatokea ng'ambo miguu mikavu. Bodi moja, ulisema, watoto wengi: wa kwanza abebe askari, wa pili abebe majeruhi, wa tatu abebe makamanda na redio zao, wa nne abebe mzinga.

"Ni ukoo huu," ulikuwa ukisema. "Mama mmoja, kazi mbalimbali."

"Na mama mwenyewe ni mimi au yeye?" nikakuuliza. Ukajifanya unatafuta miwani, nayo iko usoni.

Tumbo lake ulilichora lenye ncha kama jembe, ili bomu la ardhini likilipuka moto uteleze pembeni, usipande kwa watu. Mbele ukamwekea ubao unaoinuka kuzuia wimbi. Wa kwanza akaelea. Wa pili akaelea. Wa tatu alipoelea ulirudi na peremende mfukoni, zimeyeyuka zote. Na kila mmoja ulikaa ndani yake wewe mwenyewe siku ya kwanza ya maji. Mkubwa wenu, Bwana Karkhanis, alikukataza akachoka. Ulimjibu, "Anayechora mlango aupite kwanza."

Ikaja zamu ya wa nne, na hapo ndipo nyumba yetu ilipoanza kuwa na kivuli.

Kila mkutano walikuja watu wa suti na watu wa sare, na kila mtu aliondoka ameongeza kitu. Huyu anataka bamba nene zaidi. Yule anataka mzinga mkubwa kuliko wa nchi jirani. Mwingine anataka makombora ubavuni. Hakuna aliyekuja kupunguza. Jioni moja uliingia bila kuvua viatu, ukachukua sufuria yangu ya dengu, ukaiweka juu ya maji kwenye beseni la kuogea, ukapanga viazi ndani. Ikaelea vizuri. Ukalaza ubao juu yake, na juu ya ubao ukaweka kinu changu cha mawe. Sufuria ikatulia, ikafikiri kidogo, ikapinduka na viazi vyote.

"Umeona?" ukaniuliza.

"Nimeona chakula cha jioni kinaoga."

Hukucheka. Nikaogopa, maana hata vichekesho vyangu vibovu ulikuwa ukivicheka kwa heshima ya ndoa.

Uliwaambia. Hakuna atakayesema hukuwaambia. Ukawachorea mstari mwekundu ubavuni mwa gari: maji yakifika hapa, geuzeni. Bwana Karkhanis akasema, "Nimhan saheb, bado kuna kiganja kizima cha chuma juu ya maji. Kiganja kinatosha."

"Kiganja cha nani?" ukamuuliza. "Cha mtoto mchanga au cha mpigana mieleka?"

Wakacheka wote mezani, na tarehe ikabaki pale pale.

Sisi watu wa huku hatuingizi hata baiskeli barabarani kabla haijaombewa, sembuse gari la vita. Asubuhi ile kuhani alipasua nazi, ndimu zikawekwa chini ya matairi, na mashada ya maua ya rangi ya chungwa yakatoka kila nyumba ya mfanyakazi, mpaka gari likaonekana kama bwana harusi mnene. Sasa maua yaliyokwisha kutolewa kwa Mungu hayatupwi jalalani. Hupelekwa majini. Na gari lilikuwa linakwenda majini. Sopan, dereva wako, ameniapia kwamba ni wewe uliyesema, "Yawekeni ndani, tutayaachia katikati ya bwawa. Safari moja, thawabu mbili."

Wewe! Wewe uliyepima mpaka viatu vya dereva! Lakini nani amewahi kuyashuku maua ya Mungu?

Sopan alikuja kunisimulia ameketi sakafuni, kiti alikikataa. Mlipofika katikati, alisema, gari lilikuwa limekaa chini mno, na wimbi la kwanza likaruka ubao wa mbele likaingia kwa juu. Halikuwatisha. Pampu zilikuwepo sakafuni kwa ajili hiyo, kunyonya maji na kuyatema nje. Zikanyonya maji, zikanyonya na maua.

"Mama, zilikohoa," akaniambia. "Kama mzee wa tumbaku. Halafu kimya."

Kimya hicho, anasema, mpaka leo hukisikia kila akizima redio.

Alikupigia kelele, "Saheb, toka!" Ukamjibu, "Tangulia, naondoa maua." Akapanda juu kupitia mfuniko wake akidhani uko nyuma yake. Gari likaegemea upande mmoja bila haraka yoyote, likalala.

Tulipokuosha, Nalini binti yako alizifungua ngumi zako kidole kwa kidole. Zilijaa maua. Rangi ya chungwa ilikataa kutoka viganjani. Ulikwenda nayo kwenye kuni zako za mwisho.

Siku ya kumi tukapeleka wali wako mtoni, tukauweka juu ya jani, tukangoja kunguru aule tujue umeondoka umeridhika. Kunguru walijaa mtini. Hakushuka hata mmoja. Watu wakaanza kunong'ona kuwa una jambo limekukaa moyoni, na mmoja mmoja tukaanza kukuahidi. Ndugu yako Namdev akaahidi kuacha tumbaku. Kunguru mmoja akageuka akatupa mgongo. Nikasema, "Huyo anamfahamu Namdev." Nalini akaahidi kunitunza. Kunguru wakajichokoa manyoya. Nikaahidi mimi kupunguza chumvi, ingawa ulikuwa huna tena ulimi wa kuionja. Jua likapanda, kuhani akaanza kutazama saa yake.

Ndipo Shrirang wetu akasogea mbele ya wali, akaunganisha viganja. Unajua anafanya kazi kiwanda kile kile, injini ndiyo fungu lake. Akasema, "Baba, huyo wa nne nitamvusha mimi. Nitakaa kwenye kiti chako mpaka ng'ambo."

Hajafunga mdomo, kunguru alikuwa ameshashuka. Alikula kwa pupa, kama mtu aliyekuwa akingoja neno hilo na si lingine.

Watu wakashukuru, wengine wakalia kwa furaha. Mimi nikabaki namtazama kunguru. Ulikuwa unataka nini, Baba Shrirang? Gari, au mtoto?

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na wewe hukuja ndotoni kunijibu.

Gari jingine limekwisha kuundwa, linangoja siku yake ya maji. Pampu wamezivika nyavu midomoni, na maua yamepigwa marufuku getini. Kuhani ataruhusiwa nazi yake na ndimu moja. Wanadhani ni maua yaliyokuua. Mzinga upo vile vile, bamba wameongeza tena, na mstari wako mwekundu wameupaka rangi ya kijani ya gari, wakachora mwingine juu zaidi. Shrirang ndiye aliyeniambia, akizungumza na sahani yake.

"Basi usiende," nikamwambia.

"Mama, niliahidi."

"Ulimwahidi kunguru."

"Nilimwahidi Baba. Na akala."

"Baba yako aliniahidi kunipeleka Mahabaleshwar kula matunda ya milimani tangu wiki ya harusi. Sijaletewa hata mbegu. Katika nyumba hii, mwanangu, ahadi haijawahi kumvunja mtu mgongo."

Alicheka, lakini hakusema kwamba haendi. Mkewe Vaishali alikuwa kasimama mlangoni, donge la unga mkononi, akilifinya mpaka likatokea katikati ya vidole.

Bwana Karkhanis naye akaja kunywa chai na kuniomba nisimtie mwanangu hofu.

"Mama, safari hii hakuna hatari yoyote."

"Nyuma mna viti vingapi?"

"Vya askari wanane."

"Basi kimoja changu. Mimi ni nusu askari, gari halitahisi."

Chai ikampalia. Akasema haiwezekani, kuna kanuni. Nikamuuliza, kama hakuna hatari, kanuni za nini? Na kama hatari ipo, mwanangu wa nini? Akasema labda nimechoka na majonzi. Nikamwambia sijachoka, na kwamba siku ya maji watu wa magazeti watakuwepo, nami nitapenda kuona ni nani atakayemburuta mjane wa Nimhan kutoka kwenye gari la Nimhan. Aliondoka ameacha biskuti zote mbili. Bwana Karkhanis, kama unasoma hapa, sikuwa natania. Punguza chuma au nipishe nikae.

Alhamisi ijayo, nazi ikishapasuka, nitapanda. Nitaifunga sari kwa kuipitisha katikati ya miguu, kama tunavyoifunga kupanda mpunga. Na sasa nitalisema jambo ulilonikataza kulisema ulipokuwa hai, maana huwezi tena kunikanyaga mguu chini ya meza: mchoraji mkuu wa magari ya majini hakujua kuogelea. Kisima cha kwetu, kipana kiasi cha watu kuogelea, ulikichungulia kwa mbali kama mbuzi. Shrirang amekurithi mpaka hapo. Lakini mimi nililelewa kando ya kisima hicho, nikijitosa na wavulana kabla sijajua kuandika, na walimu wa shule ya msingi walinirudi mara nyingi kwa nywele mbichi kuliko kwa hesabu mbovu. Mikono haisahau.

Kwa hiyo, mwenzangu, ikiwa gari litatulia na kufikiri kama ile sufuria, na tukaonana huko chini, usifurahi. Nakupenda, lakini nina mikono miwili tu, na yote nimeshaigawa: mmoja wa kuogelea, mmoja wa kumshika Shrirang. Usininyoshee wako.

Unakumbukwa na mkeo Anusaya. Mwanao Shrirang na mkamwana wako Vaishali. Binti yako Nalini na mumewe. Wajukuu zako Tanmay na Ira, ambao hawajaambiwa habari ya Alhamisi. Ndugu yako Namdev, ambaye bado anavuta. Na Sopan, asiye wa damu, lakini maji yamemfanya wa nyumbani.

Hatutakusahau kamwe, hata siku tutakapotamani.