Wale wa mukono wa kushoto

Mama Athanasie, mimi mwalimu, naishi Katoyi, nakuandikia maana roho haitulii hata nikiwa naosha vyombo, kalasi yangu ya mwaka wa tano kule Mugunga imejaa mpaka wengine wanakaa chini tangu vita ilipoleta watoto wa Masisi, na majuzi inspekteri alipotangazwa, direkteri akatuambia tufanye ile hila yetu ya siku zote, basi nikawafundisha watoto: nikiuliza, wote munyooshe, anayejua mukono wa kulia, asiyejua wa kushoto. Inspekteri akaona mikono yote juu, mimi nachagua ya kulia tu, akatupongeza, akaenda zake. Kumbe watoto wameizoea, mpaka leo wananyoosha vile, na wa kushoto karibu wote ni wale wa Masisi wanaoishi kambini, nami nikiona programu ya masomo haiishi naendelea na wa kulia, mpaka Umurerwa, mutoto mupole wa kambini, akasimama akaniuliza, "Madamu, siye wa kushoto tutafundishwa siku gani?" Nikamuambia akae. Sasa inspekteri anarudi Jumatatu, direkteri anataka vilevile, asiyetaka kalasi yake itapewa mwingine, na mimi ni mujane mwenye watoto, na masasi ya vita yakilia tena kule Sake kambi inaweza kuhama wakati wowote, nifanye nini, Mama?

Madamu Charline

Madamu Charline, pole. Hofu ya kupoteza kazi si muchezo, na kalasi hiyo ingechosha hata malaika. Lakini pole yangu inaishia hapo. Inspekteri ulimudanganya mara moja, watoto unawadanganya kila siku, na unajua.

Walimu wengi wanatafuta mwaka muzima nani hajaelewa. Wako wanakuonyesha wenyewe, bila haya, na wewe unageuza uso. Huko si kufundisha, dada yangu, ni kupigia kelele tablo ya ukutani.

Kesho programu ingoje. Anza na wa kushoto, uliza kila mumoja alipotelea wapi, wa kulia wakae karibu yao waeleze kwa Kiswahili ao Kinyarwanda, lugha yoyote inayoingia. Ukitoka, jiulize nani bado, ndipo upange somo linalofuata. Direkteri umuone mbele ya Jumatatu, na usiende peke yako, chukua mwalimu mwenzako. Muambie kalasi yako itaonekana vile iko. Atakasirika, na iwe.

Unasema kambi inaweza kuhama. Basi anayeharakishwa ni Umurerwa, programu haihami. Aliuliza siku, ukamukalisha. Umurudie mbele ya wenzake, umuambie ni leo.